Tarehe 7 Aprili ina watu wengi, tuandikieni walichofanya

Ndugu Mhariri,

Salamu nyingi kwako na kwa wote hapo ofisini. Naomba nafasi kwenye ukurasa wa barua, najua huwa mnazifupisha zikiwa ndefu ila hii nakuomba uiachie ipite, maana kila Aprili ikifika naumia na jambo lile lile na mwaka huu nimeona bora niliseme kuliko kulalamika kijiweni.

Tarehe 7 Aprili kwetu Tanzania ni Karume Dei, sikukuu ya serikali, ofisi zimefungwa na watoto hawaendi shule. Mzee Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, aliuawa kwa risasi jioni ya tarehe hiyo mwaka 1972, ilikuwa Ijumaa, pale Kisiwandui Unguja kwenye makao makuu ya chama chake cha Afro-Shirazi, akiwa amekaa na wenzake wanacheza bao. Sasa miaka 40 baadae, tarehe hiyo hiyo, usiku wa Ijumaa Kuu kuamkia Jumamosi, muigizaji wa filamu Steven Kanumba akafariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28 tu. Wanaokumbuka asubuhi ile wanajua ilivyokuwa. Nchi iko kwenye mapumziko ya Karume na ya Pasaka kwa pamoja, watu wako majumbani, redio zinaendelea na vipindi vya kumkumbuka Mzee Karume mara habari ya Kanumba inaingia katikati, simu zinaanza kuita, kila mtu anamuuliza mwenzie hivi ni kweli au ni uzushi.

Tangu hapo kila mwaka ugomvi ni ule ule. Vijana wanajaza picha za Kanumba mitandaoni, wazee wanakasirika wanasema hii ni siku ya Rais mnaitoaje mkampa muigizaji, vijana wanajibu huyo Karume sisi hatumjui kuna uwanja na soko tu, basi ndo kutukanana mpaka usiku. Na magazeti nayo, nisamehe Mhariri ila na lenu limo, yanaangalia upepo. Ukurasa wa mbele picha ya viongozi wakiwa kwenye dua Kisiwandui, ukurasa wa burudani Kanumba, basi imeisha.

Mi sioni kama kuna ugomvi hapo. Tarehe haina mwenyewe. Siku za mwaka ni 365 na watu tuliowazika ni wengi, lazima wengine wataangukia siku moja, na wala sikubaliani na wale wanaosema tarehe 7 ina mkosi. Kinachoniuma ni kitu kingine kabisa, ni kwamba hawa watu wote tunaambiwa WALIVYOKUFA na hatuambiwi WALICHOFANYA. Muulize mtoto wa sekondari leo habari za Karume, atakwambia alipigwa risasi. Muulize habari za Kanumba, atakupa stori nzima ya usiku ule, nani alikuwepo chumbani, nani alisema nini mahakamani. Hata Waziri Mkuu Sokoine ambaye siku yake iko hiyo hiyo Aprili, tarehe 12, mtoto anajua alikufa kwa ajali ya gari kule Dakawa Morogoro mwaka 1984 akitokea Bungeni Dodoma, ila mwaka mmoja kabla ya hapo alikuwa anapambana na wahujumu uchumi na walanguzi, bidhaa zinafukuliwa zilikofichwa, hiyo hajui hata kidogo. Miaka yote hii tunafundisha vifo.

Nianze na Mzee Karume. Huyu hakusoma sana, alikuwa baharia, amezunguka dunia kwenye meli, akarudi Unguja akaongoza wenye maboti waliokuwa wanashusha abiria kutoka kwenye meli kubwa bandarini. Kutoka hapo akaingia African Association, mwaka 1957 Afro-Shirazi inaundwa yeye ndo rais wake. Yaani mtu wa bandarini kabisa. Mapinduzi ya Januari 1964 yakamfanya Rais wa Zanzibar, na Aprili mwaka huo huo yeye na Mwalimu wakaunganisha nchi akawa Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Tarehe 23 Septemba 1964 akatangaza elimu bila malipo. Hebu fikiria maana yake kwa mtoto wa mchuma karafuu wa Pemba wakati ule, ambaye baba yake hana hata uwezo wa kumnunulia daftari. Ardhi ikachukuliwa na serikali ikagawiwa kwa wakulima, eka tatu tatu, mpaka leo ukienda mashamba watu wanakuonyesha, hii ni eka tatu ya babu. Alafu majumba. Yale marefu ya Michenzani yanayokutana pale raundiabauti, yaliyochorwa kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki, ujenzi ukaendelea hata baada ya yeye kuuawa kwa hiyo mengine hakuyaona yakiisha. Pita pale jioni Mhariri, nguo zimeanikwa kwenye vibaraza ghorofa hadi ghorofa, chini watu na biashara zao, watoto wanapiga mpira, na wajukuu wa wale waliopewa funguo za kwanza bado wanaishi mle ndani. Hiyo ndo picha niliyotamani niione ukurasa wa mbele tarehe 7, mkazi mmoja wa zamani wa Michenzani anaeleza familia yake ilitoka kwenye nyumba ya namna gani ikaingia kwenye fleti ya namna gani, siku ya kwanza kufungua bomba maji yakatoka walisema nini.

Na nisieleweke vibaya, sitaki mumuandike kama malaika. Kuna familia Unguja na Pemba ambazo kwao tarehe 7 ni ngumu kwa sababu nyingine. Uchaguzi haukuwepo wakati wake, watu waliwekwa ndani, mwaka 1969 Kassim Hanga na Othman Shariff, watu waliokuwa viongozi wakubwa, walirudishwa Zanzibar wakauawa. Mwaka 1970 kulikuwa na ndoa za kulazimishwa za mabinti wenye asili ya Kiajemi, dunia nzima iliandika. Haya nayo ni mambo aliyofanya. Anayemheshimu Karume kwa kweli hawezi kuogopa haya yakiandikwa, na aliyeumizwa na serikali yake naye ni Mzanzibari, ana haki ya kusikika siku hiyo hiyo. Gazeti likiandika eka tatu likanyamaza kuhusu Hanga limeandika nusu, na likiandika Hanga likanyamaza kuhusu shule limeandika nusu vile vile.

Sasa Kanumba. Hapa naomba wazee wanivumilie. Huyu kijana alizaliwa Shinyanga Januari 1984, akaja kuingia Kaole, lile kundi la maigizo ya kwenye tivii lililokuwa linakusanya familia nzima sebuleni, kama hamna tivii mnaenda kwa jirani mnakaa chini kwenye mkeka. Kutoka maigizo akaingia filamu, na mwaka 2006 akaigiza Dar 2 Lagos na Wanigeria akina Mercy Johnson, baadae akamleta mpaka Ramsey Nouah kuja kufanya nae kazi. Leo mtu anaona ni kawaida, ila kabla ya hapo sisi tulikuwa wateja tu wa Nollywood, tunanunua na kuangalia, hakuna aliyewaza kwamba Mbongo anaweza akasimama kwenye picha moja na wale watu tunaowaona kwenye makava. Watu walimcheka Kiingereza chake, walimcheka kweli kweli na magazeti yakachapa, na yeye akaendelea kufanya kazi. Aliweka watoto wadogo kwenye filamu zake wakaigiza vizuri kuliko watu wazima. Alijenga kampuni yake, akajua kwamba kava ya dividii inauza, kwamba jina linauza, na wengi waliokuja nyuma yake walifuata njia hiyo hiyo.

Uliza mtu yeyote aliyesafiri na basi la Dar kwenda Mwanza miaka ile. Mkitoka Ubungo alfajiri kondakta anaweka Kanumba, sehemu ya kwanza inaisha mnafika Morogoro, ya pili inaenda mpaka Dodoma, mama mmoja siti ya mbele analia mpaka anatoa kitenge kujifuta, watu wanabishana kama yule mwanamke alikuwa na haki ya kumuacha au hana, yaani basi zima linakuwa kama ukoo mmoja. Mtu aliyeweza kufanya hivyo kila siku kwa mabasi yote ya nchi nzima alifanya kazi, na ile kazi inastahili kuandikwa na mtu anayejua filamu, achambue, aseme alikuwa hodari wapi na wapi alikuwa bado anajifunza, kwa nini alikuwa anapenda yale majina ya Kiingereza, soko la dividii la Kariakoo lilikuwa linaendaje na lilikufaje. Aprili 10 mwaka 2012 pale Leaders Club maelfu ya watu walijaa, wengine wakazimia, halafu akapelekwa makaburi ya Kinondoni. Wale watu hawakwenda pale kwa ajili ya stori za chumbani.

Kwa hiyo ombi langu la kwanza ni hili, acheni kuandika usiku wa Sinza. Kesi ilishaenda Mahakama Kuu, hukumu ilishatoka 2017, adhabu ilishatumikiwa. Mama mzazi wa Kanumba kila Aprili anaulizwa maswali yale yale, na yule dada aliyehukumiwa naye ana maisha yake. Inatosha jamani.

Kuna mtu wa tatu wa tarehe 7 Aprili na huyu hatumtaji kabisa wakati anatuhusu. Bi Agathe Uwilingiyimana, Waziri Mkuu wa Rwanda, mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo kule. Aliuawa asubuhi ya tarehe 7 Aprili 1994. Nasema anatuhusu kwa sababu ile ndege ya Rais Habyarimana iliyotunguliwa Kigali usiku wa tarehe 6, aliyokuwemo pia Rais Ntaryamira wa Burundi, ilikuwa inatoka hapa hapa Dar es Salaam kwenye kikao kilichoitishwa na Rais wetu wa wakati ule, Mzee Mwinyi. Waliondoka kwetu jioni, usiku wakawa wamekufa. Rais akishakufa anayebaki kuongoza serikali ni Waziri Mkuu, na yeye alitaka asubuhi aende redioni kuongea na wananchi watulie. Hakufika. Askari walimuua yeye na mume wake, na wale askari 10 wa Ubelgiji wa Umoja wa Mataifa waliokuwa wanamlinda nao wakauawa. Siku hiyo hiyo wakamuua Joseph Kavaruganda aliyekuwa rais wa Mahakama ya Katiba, wakamuua waziri Landoald Ndasingwa na familia yake. Waliua kwanza wale ambao wangeweza kusimamisha mauaji ya kimbari, ndo maana siku ile ina majina mengi ya viongozi, na baada yao wakafuata watu wa kawaida kwa mamia ya maelfu.

Lakini ona na mimi nilivyoanza kueleza kifo, ndivyo tulivyozoea. Huyu mama alikuwa mwalimu wa kemia. Alizaliwa kijijini mkoa wa Butare mwaka 1953, akafundisha sekondari, akafundisha chuo kikuu, mwaka 1992 akawa Waziri wa Elimu. Na alipokuwa waziri alifanya jambo moja ambalo kila mzazi anaweza kulielewa. Wakati ule Rwanda nafasi za kwenda sekondari zilikuwa zinagawiwa kwa kabila, mtoto anaweza kufaulu vizuri tu akakosa nafasi kwa sababu ya kilichoandikwa kwenye kitambulisho cha baba yake. Yeye akasema hapana, atakayefaulu ndo aende. Na yeye mwenyewe alikuwa Mhutu, yaani ule mgao ulikuwa unaupendelea upande wake. Hiyo ndo kazi iliyowaudhi wale wakubwa, na nadhani siku ya kifo chake walimu wa Tanzania, hasa walimu wa kike wa sayansi, wangependa kuisoma habari hiyo.

Watoto wake watano walinusurika. Kapteni Mbaye Diagne, mwanajeshi wa Senegal aliyekuwa kule kama mwangalizi tu wa Umoja wa Mataifa, hana hata silaha, aliwatoa pale walipojificha akawapitisha kwenye hatari yote mpaka wakatoka nchini. Yeye mwenyewe akauawa Kigali tarehe 31 Mei mwaka ule ule. Na mnajua kesi ya mauaji ya Bi Agathe ilisikilizwa wapi? Arusha. Ile mahakama ya Umoja wa Mataifa ya kesi za Rwanda, iliyokuwa pale kwenye jengo la mikutano la AICC, ndiyo iliyomtia hatiani Kanali Bagosora, mmoja wa wakubwa wa jeshi la Rwanda wakati ule, mwaka 2008, na kifo cha huyu mama kilikuwemo kwenye hukumu. Kikao kilikuwa Dar, hukumu ilikuwa Arusha, wakimbizi robo milioni walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya siku moja mwishoni mwa Aprili ile, alafu magazeti yetu tarehe 7 hayana hata kimstari. Rwanda wenyewe siku hiyo ndo wanaanza Kwibuka, kumbukumbu yao ya mauaji yale, Umoja wa Mataifa nao umeitenga, nasi tunaokaa jirani, tuliopokea wale watu, tunaipita hivi hivi.

Nikiwa nimetaja Mzee Mwinyi, hili nalo lifikirieni. Alifariki tarehe 29 Februari 2024. Tarehe ile inarudi baada ya miaka minne. Magazeti ndo yanaishi kwa kalenda, kwa hiyo amueni mapema, iwe tarehe 28 au tarehe 1 Machi, ila Mzee Ruksa asije akakumbukwa mara moja kwa miaka minne kwa sababu tu ya kalenda.

Mwingine wa tarehe 7 yuko mbali ila Wazanzibari wangemuelewa haraka. Toussaint Louverture, aliyezaliwa mtumwa kwenye mashamba ya miwa kule Haiti, akaja kuongoza watumwa wakawashinda wakoloni. Wafaransa walimkamata kwa hila mwaka 1802, wakampeleka kwao wakamfungia kwenye ngome ya milimani, mahali panaitwa Fort de Joux, baridi kali, na akafia mle ndani tarehe 7 Aprili 1803. Haikufika hata mwaka, Januari 1 1804 Haiti ikawa huru. Kisiwa cha miwa na kisiwa cha karafuu, vyote vimejengwa kwa jasho la watumwa, na kule Zanzibar utumwa ulikuja kufutwa kisheria mwaka 1897 tu. Sidhani kama nahitaji kueleza zaidi kwa nini jina lake likae ukurasa mmoja na la Karume.

Basi Mhariri, ninachoomba ni ukurasa mmoja, sio gazeti zima. Kila tarehe 7 Aprili mtoe ukurasa wenye hawa watu wote pamoja, Rais, muigizaji, mwalimu wa kemia na mtumwa aliyekuwa jenerali, kila mmoja kazi yake, kifo kipewe sentensi moja tu inatosha. Mtume mwandishi mmoja Unguja mapema, mwezi wa pili hivi, sio tarehe 6 usiku, aende Michenzani na Kikwajuni na mashamba akaongee na wale waliopata eka tatu na waliokuwa wanafunzi wa kwanza wa shule za bure, na aongee pia na zile familia zilizopoteza watu wao. Mwingine akae na wale wa Kaole na wapiga picha na wahariri wa filamu wa enzi zile, wengi wapo Dar hapa hapa, wana mikanda kwenye makabati na hakuna anayewauliza. Mwingine aende Ngara. Hawa watu tunao sasa hivi, wale waliokuwa watu wazima mwaka 1964 wamebaki wachache sana na kila mwaka wanapungua, na mkiwakosa itabaki kunukuu hotuba za viongozi tu.

Wasomaji nao waambiwe walete picha. Nyumba nyingi zina picha ya babu kasimama kwenye eka yake, au tiketi ya filamu, au cheti cha shule cha mwaka 1965. Wekeni namba ya WhatsApp kwenye gazeti kuanzia Januari, mtaona zitakavyomiminika. Mimi nina picha moja ya familia iliyopigwa mbele ya fleti za Kikwajuni, nitakuwa wa kwanza kuituma.

Ni mimi msomaji wenu wa siku zote,
Temeke, Dar es Salaam